Uzi maalumu: Wiki ya kwanza ya masomo Nairobi kwa sisi tunaotoka nchi jirani

Mwanazuoni wa Chiromo (mleta uzi)

Ndugu wanajamvi, salamu kwenu nyote.

Nimefungua uzi huu kwa sababu kila muhula wa Septemba unapokaribia napokea maswali yaleyale kutoka kwa vijana wa Tanzania, Burundi na Kongo waliopata nafasi katika vyuo vya Nairobi, na kwa sababu nimeshuhudia jinsi wiki ya kwanza inavyoweza kumvuruga mwanafunzi hodari hadi katikati ya muhula. Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Tanga, nasoma shahada ya uzamili hapa, na huwa najitolea kuwapokea wanafunzi wapya wa kigeni chuoni kwetu.

Hoja yangu ni kwamba ujirani unatulevya. Anayekwenda kusoma China au Uturuki hujua tangu uwanja wa ndege kwamba yuko ugenini, kwa hiyo husoma masharti ya viza, huhudhuria kila kikao cha kuwapokea wageni na huuliza maswali bila haya. Anayekuja Nairobi kutoka Arusha hupanda gari asubuhi, hugongewa muhuri Namanga, na kabla jua halijatua yuko katikati ya jiji anasikia Kiswahili na anakula ugali. Hakuna kilichomshtua njiani, basi huona kwamba hakuna la kushughulikia, ilhali mbele ya sheria, mbele ya chuo na mbele ya mwenye nyumba yeye ni mgeni kamili.

Nianze na karatasi, kwa kuwa ndizo zinazowaumiza wengi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, imeturahisishia kuvuka mipaka, lakini haikufuta pasi ya mwanafunzi, yaani kibali cha kukaa nchini kwa ajili ya masomo. Muhuri wa mpakani ni wa mtu anayetembelea, nao una mwisho wake. Ukifika dirishani, mweleze ofisa kwamba unakuja kusoma, mwonyeshe barua ya udahili, kisha usome muhuri na siku alizokuandikia kabla hujaondoka hapo. Nimewaona wenzetu wakiutazama muhuri huo kwa mara ya kwanza baada ya miezi, na kila siku iliyozidi ikawa ni jambo la kujieleza.

Pasi yenyewe hutolewa na Idara ya Uhamiaji, ambayo makao yake yako Nyayo House, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway. Hata hivyo, msikimbilie Nyayo House siku ya kwanza. Maombi hufanywa mtandaoni, na miongoni mwa vinavyotakiwa ni barua kutoka chuoni, nakala za pasipoti, picha ndogo na nakala za vyeti vya masomo, kwa hiyo ofisi ya kwanza ya kubisha hodi ni ile inayoshughulikia wanafunzi wa kigeni chuoni kwako. Nenda mapema katika wiki, ukiwa na vyeti halisi na nakala zake za kutosha, kwa sababu barua hupita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kutiwa saini. Anayekaa nchini zaidi ya miezi mitatu anatakiwa pia kusajiliwa kama raia wa kigeni na kupata kadi yake. Watu wa kati wanaosimama karibu na majengo ya serikali na kuahidi kuyamaliza haya yote kwa siku moja wasikilizwe kwa heshima na kuachwa hapohapo.

Baada ya barua, laini ya simu. Isajili kwa pasipoti yako mwenyewe, wala usiazime laini iliyosajiliwa kwa jina la rafiki, kwa maana M-Pesa, iliyoanzishwa Kenya mwaka 2007, ndiyo pochi ya jiji hili. Muuza chapati ana namba ya till, yaani ya kupokelea malipo, imepakwa rangi kwenye bati la kibanda chake, kondakta wa matatu hupokea nauli kwa simu, na karo ya chuo hulipwa kwa namba ya paybill. Pesa zako zikiwa ndani ya laini ya mtu mwingine, siku mtakayotofautiana hutakuwa na la kudai.

Chuoni, jambo lisilosubiri ni kusajili yuniti. Huku somo moja la muhula huitwa yuniti, na asiyezisajili katika tovuti ya wanafunzi kwa wakati anaweza kuhudhuria darasa muhula mzima na bado jina lake likakosekana katika orodha ya mtihani. Mtafute kiongozi wa darasa siku ya kwanza na uombe kuingizwa katika kundi la WhatsApp la darasa lenu, kwa sababu mabadiliko ya chumba au ya saa ya kipindi hutangazwa humo kabla hayajafika kwenye ubao wa matangazo, na mara nyingine hayafiki kabisa.

Nakaribisha nyongeza na marekebisho, hasa kutoka kwa wenyeji.

Mwana wa Goma

Nashukuru, ndugu yangu. Naomba niongezee kwa niaba ya sisi tunaotoka Kongo, ambao nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 na ambao idadi yetu darasani inaonekana kuongezeka.

Ugumu wetu unazidi wa Watanzania kwa jambo moja. Sisi tumesoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi, na hapa mhadhara, kitabu, mtihani na hata barua ya kuomba ruhusa ni kwa Kiingereza. Kiswahili chetu kinatusaidia sokoni na garini, kwa hiyo siku za kwanza mtu hujiona amekwisha kuzoea, kumbe darasani hajaandika ukurasa mmoja unaoeleweka. Nawashauri wadogo zangu mambo mawili ambayo yamewasaidia wengi kwetu. Kwanza, katika wiki ya kwanza mfuateni kila mhadhiri mwishoni mwa kipindi chake, mjitambulishe kwa adabu na mseme mmesoma kwa Kifaransa. Wengi wao hupokea habari hiyo vizuri na huwaelekeza kwenye kitabu kimoja cha kuanzia, jambo lenye faida kubwa kuliko orodha ndefu ya vitabu. Pili, msiidharau yuniti ya stadi za mawasiliano ambayo vyuo vingi vya Kenya huwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Wenyeji huiona nyepesi na huikwepa. Kwenu ni mahali pa kujifunza kuandika insha ya kitaaluma kwa Kiingereza bila kulipia kozi ya nje.

Kuhusu Sheng, lugha ya mitaani ya vijana wa Nairobi, msione aibu kukaa kimya kwanza. Wenzenu watazungumza kwa kasi, watacheka, nanyi hamtaelewa. Ulizeni. Sijaona kijana wa Nairobi aliyekataa kumfafanulia mgeni.

Jambo la mwisho ni vyeti. Cheti kilichoandikwa kwa Kifaransa kinahitaji tafsiri iliyothibitishwa, nayo ni rahisi zaidi kuipata kabla ya kuondoka nyumbani kuliko kuitafuta hapa huku tarehe ya usajili inakaribia.

Mkaazi wa Ngara

Mimi ni mwenyeji, nimekulia hapa, na jamaa zangu wanapangisha nyumba kwa wanafunzi. Karibuni sana Nairobi. Mleta uzi ameyaeleza vizuri mambo ya serikali, nami nitazungumzia chumba, kwa kuwa huko ndiko pesa nyingi za wiki ya kwanza zinakopotea.

Msilipe chumba ambacho hamjakanyaga. Picha za mtandaoni huwa za chumba kingine, au za chumba hichohicho siku kilipopakwa rangi. Kama hamna nafasi katika bweni la chuo, ombeni kulala siku chache kwa jamaa au katika hosteli yenye kulipwa kwa siku, kisha mtembee wenyewe. Mkiingia chumbani, fungueni bomba, na mfanye hivyo jioni, wakati wapangaji wote wamerudi, si saa nne asubuhi wakati tangi limejaa. Mtaa mwingi wa jiji hili hupata maji kwa zamu, kwa hiyo muulizeni jirani, si mlinzi wa jengo wala msimamizi, maji huja siku gani na kama jengo lina tangi la kutosha. Tazameni dari pembeni mwa dirisha. Alama za rangi ya chai zinaonyesha pale mvua za Oktoba hadi Desemba zitakapopita. Kisha ombeni kuonyeshwa mita ya umeme. Umeme wa kulipia kabla hununuliwa kwa namba ya mita, na mnapata tokeni, yaani namba ya tarakimu 20 ya kuingiza. Mita ikiwa ya vyumba viwili, mtakuwa mnapika kwa tokeni zenu na jirani anapiga pasi kwa tokeni hizohizo, na hapo ugomvi hautakwisha.

Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana ya kiasi kama hicho. Hilo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni kulipa kwenye simu ya mtu ambaye jina lake halimo katika mkataba. Mnapotuma kwa M-Pesa, jina la mpokeaji hujitokeza kabla hamjathibitisha. Lisomeni, na lisipolingana na mkataba, simamisheni. Hifadhini ujumbe wa malipo, kwa kuwa siku ya kuhama ndio utakaotetea amana yenu.

Mahali pa kukaa pachagueni kwa kuangalia lango la chuo, si kwa kuangalia uzuri wa nyumba. Chumba kizuri Rongai kwa mtu anayesoma Parklands ni saa nyingi barabarani kila siku, na mvua ikinyesha jioni nauli hupanda na magari hupungua kwa wakati mmoja. Anayesoma kampasi ya Chiromo au kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Nairobi atafute Ngara au Parklands, hata chumba kikiwa kidogo zaidi.

Na wale watakaofikia kwa shangazi Umoja au Kayole, tunawapokea kwa moyo, lakini mnajua wahenga walivyosema kuhusu siku ya tatu na jembe. Amkeni mapema, saidieni kazi za nyumbani, na mwambieni mwenyeji wenu tangu siku ya kwanza mnatarajia kukaa kwa muda gani. Heshima hubaki mambo yakiwa wazi.

Mzazi wa Mwanza

Wanangu, shikamooni kwa wakubwa zangu waliomo humu, na nyinyi wadogo hamjambo. Nimesoma uzi huu wote. Binti yangu amepata nafasi ya kusomea uuguzi Chuo Kikuu cha Kenyatta, na hajawahi kuishi mbali na nyumbani. Nina maswali matatu. Atatoka Mwanza kwa basi kupitia mpaka wa Sirari. Je, afike siku gani na saa ngapi? Nimtumieje pesa bila kumkabidhi fedha nyingi mkononi? Na tatu, ambalo ndilo linaloninyima usingizi, nitajuaje kwamba yuko salama katika siku hizo za kwanza ambapo hamjui mtu?

Mwanazuoni wa Chiromo (mleta uzi)

Mama, marahaba kutoka kwa waliokuzidi, na sisi wadogo tunasema shikamoo. Hongera kwa binti.

Juu ya pesa, mtandao wa M-Pesa wa Vodacom kwenu na wa Safaricom huku umeunganishwa tangu 2015, kwa hiyo unaweza kumtumia moja kwa moja kutoka simu yako, na atapokea kwa shilingi za Kenya. Tuma kiasi kidogo kwanza ili kuhakikisha laini yake inapokea, kisha utume kinachobaki. Kwa safari yenyewe, abebe shilingi za Kenya za kumtosha siku mbili, kwa maana laini ataisajili baada ya kufika, na kubadilisha fedha mpakani kwa watu wanaozunguka mabasi si jambo la kumfundisha msichana katika safari yake ya kwanza. Karo isipitie mkononi mwake kabisa. Ilipwe kwenye akaunti ya chuo, kwa namba zilizoandikwa katika barua ya udahili, si kwa namba aliyotumiwa na mtu kwenye simu.

Abebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Ataulizwa atakaporudi Tanzania kwa likizo, hata kama wakati wa kwenda hakuulizwa. Mizigo yake isiwe katika mifuko ya plastiki ya kubebea, kwa sababu Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, na sheria hiyo hutekelezwa. Na aweke sweta na blanketi zito juu ya kila kitu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mtoto wa pwani au wa ziwani atashangazwa na baridi ya asubuhi. Zikipungua, nguo nzuri za mitumba ziko soko la Gikomba, lakini aende na mwenzake anayepajua.

Swali la tatu namwachia anayelijua kwa undani kuliko mimi.

Mlezi wa Wanafunzi

Mama, nimefanya kazi ya malezi ya wanafunzi chuoni kwa muda mrefu, na nitajibu nikitofautiana kidogo na mleta uzi, ambaye namheshimu.

Karatasi ni muhimu, lakini orodha aliyoitoa ikifanywa yote na kijana aliyefika jana, aliyelala vibaya na asiyejua pa kula, inamchosha kabla masomo hayajaanza. Wanafunzi wanaokuja kwangu wakilia katika mwezi wa pili mara chache hulia kwa ajili ya pasi. Hulia kwa sababu wiki zimepita hawajazungumza na mtu kwa zaidi ya dakika tano. Na hapa nakubaliana na hoja yake ya ujirani, kwa kuwa nimeona upweke wa wanafunzi wa Afrika Mashariki ukichelewa kutambuliwa. Mwanafunzi kutoka mbali huulizwa hali yake kila siku. Huyu wa jirani hudhaniwa yuko nyumbani, naye huona aibu kusema amepakumbuka kwao wakati kwao ni safari ya basi moja.

Kwa hiyo, kwa binti yako, ningetanguliza watu. Siku ya kwanza ajue jina na simu ya mlezi wa bweni. Siku ya pili au ya tatu ahudhurie mikutano ya kuwapokea wanafunzi wapya, yote, hata ile inayoonekana ya kuchosha, kwa sababu pale ndipo watu wote ukumbini hawajuani na kila mmoja anatafuta wa kukaa naye. Mwisho wa juma aende kanisani au msikitini, au katika umoja wa wanafunzi kutoka Tanzania kama chuo kina umoja huo. Ale pamoja na wenzake kantini, hata kama anaweza kupika chumbani. Githeri (mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja) na chapati kwa maharagwe si chakula alichozoea kwa mapishi hayo, lakini meza ile itampa marafiki. Pia aingie kituo cha afya cha chuo akiwa mzima, aone dirisha la usajili liko wapi, ili siku atakayoumwa asianze kuuliza njia.

Nawe, mama, usimpigie kila saa. Pangeni muda mmoja wa jioni, umsikilize hata akisema mambo yasiyo na maana kwako. Kijana anayepigiwa simu mchana kutwa hubaki chumbani akisubiri simu.

Mwanazuoni wa Chiromo (mleta uzi)

Mwalimu, nakubali, na nimefurahi umeyasema hayo. Naomba nisisitize mawili tu ambayo hayawezi kuahirishwa: barua ya chuo kwa ajili ya pasi, na usajili wa yuniti. Hayo yakianzishwa katika siku zake tatu za mwanzo, mengine yote yanaweza kufuata mwendo unaousema wewe.

Tena niseme jambo ambalo wadogo zetu hawaambiwi vya kutosha. Kuvuka mpaka kwa ajili ya masomo ni desturi ya kanda hii tangu zamani. Kati ya 1963 na 1970 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam, aliyetaka uhandisi alikuja hapa Nairobi. Wazee wetu walikaa mabweni yaleyale na wakajuana kwa miaka yote ya utumishi wao baadaye. Mwanafunzi wa Tanzania anayeingia ukumbini Nairobi hana sababu ya kukaa kiti cha nyuma akijiona ameazima nafasi ya mtu, na hilo namwambia kila ninayempokea.

Mkaazi wa Ngara

Nyongeza fupi ya usalama, mama. Simu isishikwe dirishani garini wala mkononi barabarani mjini kati. Wanyakuzi husubiri foleni ya magari. Abebe kitambulisho cha chuo na nakala ya pasipoti, ile halisi ibaki imefungiwa. Usiku katikati ya jiji asitembee peke yake. Namba za dharura ni 999 na 112.

Matatu la namba 237 la Thika hupita Barabara ya Thika mbele ya Kenyatta. Aulize nauli kabla ya kupanda, si baada ya kukaa, na amwambie kondakta mapema pa kumshushia, kwa sababu katika barabara ile kubwa kupitishwa kituo kimoja ni mwendo mrefu kurudi kwa miguu ukiwa na sanduku. Vyumba vya nje ya chuo viko Kahawa Wendani na Kahawa Sukari, ila kwa mwaka wa kwanza bweni ni bora kama atapata.

Mzazi wa Mwanza

Mungu awabariki, wanangu. Nimeandika yote kwenye daftari. Limebaki lile la siku ya kufika. Usajili umeandikwa ni Jumatatu, na ndugu zake wanataka asafiri Jumamosi ili afike Jumapili.

Mwanazuoni wa Chiromo (mleta uzi)

Mama, afike Alhamisi au Ijumaa, mchana, hata kama itabidi alale njiani kwa jamaa ili asiingie jijini usiku. Ofisi zikiwa bado wazi atajua kama bweni lake lipo kweli, na kama jina lake limekosekana mahali, kutakuwa na mtu wa kuuliza kabla ya ule msongamano wa Jumatatu. Nitumie ujumbe wa faragha hapa jamvini ukishapata tikiti. Kuna dada wa Musoma anayesoma Kenyatta mwaka wa tatu ambaye huwapokea wageni kila Septemba, nami nitamwomba ampokee basi litakapofika, wapande wote gari la Thika.

Mzazi wa Mwanza

Basi ni Alhamisi. Kesho asubuhi naenda stendi kubadilisha tikiti, na jioni nitakuandikia jina la basi na saa ya kuondoka.